Malalamiko Kuhusu Toleo la Majaribio Lililomnyima Binti Yangu Jina

Kwa Ndugu Watengenezaji wa Lugha Mpya ya Kompyuta,

Natumaini hamjambo, ninyi na kompyuta zenu. Sisi ni wazima, ila usingizi ndio tumeusahau. Chini ya tangazo la toleo lenu la majaribio mmeandika kwamba mnakaribisha maoni ya wote wanaolitumia. Mimi silitumii. Ninaishi na anayelitumia, na naamini hilo linanipa haki kubwa zaidi.

Kazi yangu ni kushona vifungo katika karakana ya sare za shule, na kwa sasa niko likizo ya uzazi. Mume wangu ni fundi wa programu, mtu mpole asiye na neno na mtu. Binti yetu ana miezi minne. Ana sauti, ana jino linalokuja, ana hasira za upande wa baba yake. Kitu asichokuwa nacho ni jina, na wa kulaumiwa ni ninyi. Naomba nieleze kwa utaratibu.

1. Jina lilikuwepo. Tulilichagua pamoja kabla hajazaliwa, na hatukugombana hata kidogo. Kisha ninyi, katikati ya majaribio yenu, mkabadilisha jina la kitu kimoja ambacho mume wangu alikuwa ameshakitumia kila kona ya kazi yake. Wiki nzima alikuwa akilifukuza jina la zamani kama mtu anayefukuza mende jikoni. Alipomaliza, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamtazama mtoto kwa huruma, akasema, "Tusiharakishe, mke wangu. Jina likishaenea kila mahali, kulitoa ni balaa." Akanionyesha tangazo lenu, pale mlipoandika kuwa majina yote ni ya muda mpaka toleo kamili litoke. Nilimwambia hapo wanazungumzia kompyuta. Akasema busara ni busara tu.

2. Wenzangu wote karakanani wanaitwa Mama Fulani. Mimi naitwa Mama Nanihii. Mkata vitambaa, anayekuja kunijulia hali nyumbani, ameshalizoea, analitamka kwa heshima kabisa, na hilo ndilo linaloniumiza.

3. Mmeleta utaratibu kwamba kazi isifanywe mpaka matokeo yake yahitajike. Huenda kwenye kompyuta ni jambo zuri. Kwetu maana yake ni kwamba nepi hazifuliwi mpaka mtoto awe amelala uchi mezani, miguu juu, akisubiri.

4. Mmetenganisha onyo na kosa. Kosa linasimamisha kazi, onyo linaonyeshwa tu na kazi inaendelea. Tangu asome hilo, kila ninachosema nyumbani kimekuwa onyo. Juzi nilimwambia uji unaungua. Alinishukuru.

5. Hili ndilo limenifanya nishike kalamu. Mmeweka alama ya kuuliza, ya kuonyesha kwamba mahali fulani huenda pana kitu na huenda hapana, na mambo yasiharibike. Mume wangu akaiweka kwenye kadi ya kliniki, pale pa jina la mtoto. Muuguzi aliitazama kadi, akamtazama mtoto, akanitazama mimi, kisha akaniuliza taratibu, mbele ya foleni nzima, "Dada, huna uhakika kama ni wako?"

Amesema nikirudi kliniki bila jina ataandika lolote litakalomjia, tena kwa wino. Si mtu wa mzaha. Nimewahi kusikia anavyowaita paka wake.

Kwa hiyo naomba haya. Toeni toleo kamili kabla ya siku ya kliniki. Kama hamjawa tayari, andikeni kwenye tangazo, kwa herufi kubwa, kwamba watoto wachanga hawahusiki. Kama na hilo ni gumu, mmoja wenu aje akae nami kwenye benchi la kliniki, ambebe mtoto, na jina letu likiitwa kwa alama ya kuuliza asimame yeye. Aje na nepi.

Yote yakishindikana, nitafuata mfano wenu. Nimeshamwarifu mume wangu kwamba na yeye yuko kwenye majaribio, kwamba sehemu zisizofanya kazi zinaweza kuondolewa bila taarifa, na kwamba mama yake amekubali kupokea zilizorudishwa. Alicheka. Sikucheka.

Siwachukii. Najua mnachosha macho kutengeneza kitu kizuri, na mnaogopa kukikabidhi kabla hakijakamilika. Lakini mtoto hangoji kukamilika. Anakua hivyo hivyo, mbele ya macho yetu, bila hata kutangaza.

Nisalimieni wake zenu, waume zenu, mama zenu, na yeyote anayewafulia.

Wenu katika kusubiri,
Mama Nanihii

Tanbihi: Kabla ya kuituma barua hii nilimpa mume wangu aisome. Aliisoma yote, akaenda kufua nepi bila kuitwa, akarudi mikono ikiwa bado na povu, akasema nimeshinda: jina ni lile lile letu, kesho tukaliandikishe. Nikambeba mtoto mpaka dirishani na kumwita kwa jina hilo, polepole, kwa mara ya kwanza. Akageuka kutazama mlangoni aone ni nani anayeitwa, na mimi nikaona kweli si yeye. Basi nawasihi, ndugu zangu, kama hamjalitoa toleo kamili, msilitoe kwanza. Semeni bado kuna mambo mnayaangalia. Muuguzi nitazungumza naye mwenyewe.