Mama Amekataa Kuzeeka, Nami Nimechoka Kuwa Kijana

Waa, Kwale

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Afya,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi. Mimi ni Baya Tembo, umri wangu miaka sitini na miwili, mstaafu wa bustani za hoteli kule Diani. Naandika kwa adabu zote, ingawa nimekasirika hadi kalamu imetoboa karatasi.

Katika toleo lenu la Jumapili, ukurasa wa tano, mmeandika kwamba watafiti wanachunguza dawa za kawaida, hizi za sukari wanazomeza watu kila siku, na kwamba huenda zikapunguza kasi ya mtu kuzeeka. Mmeandika kwa furaha kabisa. Je, mliwauliza watoto wa hao wanaozimeza?

Mama yangu, Bi Dama, ana miaka themanini na minne. Amemeza dawa za sukari miaka kumi na tisa bila kuruka hata siku moja. Na katika ukoo wetu, mtu ambaye mama yake yu hai haketi kwenye mkeka wa wazee. Hata awe na mvi mpaka kwenye nyusi, yeye ni kijana, na kazi ya vijana kwenye sherehe ni kushika birika na beseni na kuwanawisha wazee mikono. Malalamiko yangu ni haya:

1. Binamu yangu Mwinga ana miaka arobaini na saba. Mama yake, Mungu amrehemu, alituacha mapema, kwa hiyo Mwinga ni mzee. Huketi mkekani amekunja miguu, sinia la pilau mbele yake, nami nainama na birika huku kiuno kinalia. Mara ya mwisho aliniambia, "Kijana, maji haya ni baridi." Mwinga! Niliyembeba mgongoni akinikojolea!

2. Mwezi ujao binti yangu Viola anaolewa. Mimi ndimi baba wa bibi harusi, na mimi ndimi nitakayezunguka na beseni nikiwanawisha wakwe zangu. Watanidhani nimekodishwa.

3. Mama mwenyewe hana hata aibu ya kuchoka. Alikuja mposaji, mjane mwenye heshima zake, miaka sabini na mmoja. Mama alimtazama anavyoketi akishika magoti, akamwambia arudi nyumbani akapumzike. Siku ya kliniki hujifunga leso mpya, akanitangulia kilima chote huku akinihimiza ninyooshe mgongo.

4. Hili ndilo lililonivunja. Huko kliniki, Sista Atieno alinipima na mimi ili nisikae bure. Sukari ya mama imetulia. Yangu ndiyo iliyopanda! Nimeandikiwa dawa zile zile. Mama amefurahi sana kupata mwenzake. Kila asubuhi husimama mbele yangu na kikombe cha maji, hufungua kinywa changu na kukagua chini ya ulimi.

Sasa, Mhariri, piga hesabu nami. Mama hazeeki, kwa hiyo mimi ni kijana. Mimi nami nikiacha kuzeeka, mwanangu Lennox atabaki kijana nyuma yangu na mabirika yake, na watoto wake nyuma yake. Akina Mwinga wakishaondoka, mkeka utakuwa mtupu. Ukoo mzima tutasimama na mabirika, tukitazamana, na hakuna wa kunawishwa! Pilau italiwa na nani?

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, watafiti wasimamishe kazi mpaka harusi ipite. Ikishindikana, kila pakiti ya dawa iandikwe onyo: dawa hii yaweza kumchelewesha mwanao. Na ikishindikana hata hilo, nipewe cheti chenye muhuri kinachoniruhusu kuketi pembeni ya mkeka. Sihitaji katikati. Tako moja litatosha.

Wasalimie wote hapo ofisini, wapiga chapa, wauza magazeti, na hao watafiti pia, wakiwa na mama zao. Mama naye anawasalimu, japo hajui naandika nini.

Wenu katika birika,
Baya Tembo (kijana)

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha nimeupata ukurasa wa kumi na nne, mlikomalizia habari yenu. Mke wangu alikuwa ameufungia bajia. Kupitia mafuta nimesoma kwamba dawa hizo zimejaribiwa zaidi kwa panya, na kwa binadamu bado hakuna ajuaye kama zinazuia uzee.

Mhariri, mmenikata maini. Kama si dawa, basi ni nini kinachomshikilia mama yangu? Leo amelala mchana, jambo ambalo si kawaida yake. Nimekwenda mlangoni mara nne kumsikiliza akipumua. Nakusihi, futa yote niliyoyaandika hapo juu. Waambie watafiti wasilale, wafanye haraka, na wakipata jibu lolote jema mlichape ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa. Birika la harusini nitalibeba, na la harusi za wajukuu pia.

Ameamka. Naisikia sauti yake huko ndani, inaita, "Kijana!"

Naam, mama. Naja.