Disketi Tupu Uliyoleta Ukweni

Kabeza, Kigali
Tarehe 11 Juni 1992

Kwa Ndugu Eddie, mkwe mtarajiwa,
Mwanza.

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana ukiisoma umesimama utatafuta kiti. Mimi ni Gaudiose, shangazi yake Kamikazi, niliyemlea tangu ana miaka minne. Ndoa yenu ni tarehe 18 Julai, na kadi za mwaliko ulizojitolea kuzitengeneza kwenye kompyuta yako hatujaziona. Badala yake dereva Mutsinzi alinikabidhi pale stendi ya mabasi ya Nyabugogo bahasha yenye disketi mbili na karatasi ya maelekezo. Nina malalamiko yafuatayo, na nayaandika kwa heshima zote.

1. Disketi ya kwanza ina faili moja tu. Unadai kwamba ndani ya faili hilo mna disketi nyingine nzima, pamoja na kadi zetu. Mimi ni karani mpiga chapa mwaka wa kumi na moja huu, na sijaona debe likiingia ndani ya debe mwenzake. Hata hivyo nililifungua kwenye kompyuta ya ofisi. Ikalia pi pi pi, kioo kikajaa nyuso ndogo zinazocheka, makopa, shupaza na pau. Makopa nayasamehe, wewe ni mchumba. Lakini hizo nyingine ni karata, Eddie, na mkubwa wangu wa kazi alikuwa amesimama nyuma yangu. Katika ukoo wetu hatujawahi kumwoza binti kwa mcheza kamari.

2. Disketi ya pili nimeikagua mara tatu. Haina kitu. Hata neno moja? Umekulia Mwanza, sawa, lakini mama yako ni mtu wa huku kwetu na anajua kwamba chombo hakiendi ukweni kitupu. Jirani akikuletea kikapu cha maharage, unakirudisha na japo konzi ya karanga. Wewe umetuletea chombo kitupu, tena kwa dereva, Nyabugogo nzima ikitazama.

3. Maelekezo yako yanasema nichomeke hiyo disketi tupu ili faili lifungukie humo. Aibu hiyo sikuikubali. Niliijaza kwanza: salamu zangu, shairi la wanakwaya wenzangu, na salamu za Bibi Kankindi wa Masaka, mkongwe wa ukoo wetu, ambazo zilichukua kurasa sita kwa sababu hapendi kukatizwa. Ndipo programu iliyomo ndani ya faili lako ikaniuliza kama nakubali vyote vilivyomo vifutwe. Nifute salamu za bibi wa miaka themanini na mbili! Nikajibu hapana. Nikaanza upya, ikauliza tena. Mara tisa. Sijui ung'ang'anizi huo imejifunza kwa nani, ila aliyeituma namjua.

4. Kwa hiyo kikao cha ukoo kimeketi, yaani mimi na Bibi Kankindi, naye ameafiki baada ya kuamshwa. Kamikazi haji Mwanza mpaka disketi iletwe imejaa, na paroko wenu aandike kwamba karata huzijui. Ikishindikana mwaka huu, hata mwakani si mbaya. Ikishindikana na mwakani, hatutakudai. Mtoto huyu ndiye anayenichemshia chai asubuhi, na harusi hii, nakwambia kweli, mimi sina haraka nayo.

Msalimie mama, baba, wadogo zako wote na yule jirani yenu mwenye redio. Bibi Kankindi anakusalimu, ingawa hustahili.

Ni mimi, mwenye uchungu na mapenzi,
Gaudiose

Nyongeza: Kamikazi amekuja ofisini mchana huu kuichukua barua aipeleke posta. Ameikuta programu inauliza kwa mara ya kumi, akabonyeza ndiyo kabla sijamshika mkono. Salamu za Bibi zimefutika zote, na mahali pake zimetokea kadi. Nimezisoma. Pale linapokaa jina la mama wa bibi harusi, umeandika jina langu. Hukuniambia, Eddie. Nimelia mbele ya mkubwa wa kazi.

Harusi iko palepale. Barua naituma hivyohivyo kwa kuwa nimeshaipiga chapa. Humu ndani nimekuwekea disketi moja, nayo ni tupu, usiifikirie vibaya. Kamikazi akishafika huko, ijazeni habari zake muirudishe upesi, maana nyumba hii nayo itakuwa tupu.