Daktari wa Maboga

Jumatatu, 4 Machi
Mimi ndiye niliyegundua dawa ya ukungu wa maboga. Haihitaji duka wala kemikali! Haya, si mimi. Ni marehemu mke wangu. Mimi nilikaa kitini nikimwita daktari wa maboga. Ila kiti kilikuwa karibu sana.
Sasa shina lake la mwisho limeshikwa na ukungu huo, ubwiri unga. Majani meupe kama yamepakwa poda ya mtoto. Mbegu zake nyingine nilizikaanga, nikazitafuna. Hili likifa, basi tena.
Muuza dawa kanionyesha chupa yenye picha ya fuvu. Nikamwambia mke wangu alitumia maziwa. Akauliza kama boga lilipewa na biskuti. Mjinga yule!

Jumanne, 5 Machi
Nimenyunyiza jagi zima la maziwa, bila tone la maji. Mimi si bahili, hasa kwa maziwa ya shemeji. Jioni paka wa mtaa mzima wamekuja kuramba majani. Nzi ndio usiseme.

Alhamisi, 7 Machi
Harufu! Nimekumbuka alitumia pia magadi. Kiasi gani? Nakumbuka alivyokunja mikono ya gauni, alivyopiga mluzi (mama yangu hakumsamehe kwa hilo), alivyonirushia matone usoni nikisinzia. Kipimo sikumbuki. Nimetia konzi mbili.

Ijumaa, 8 Machi
Majani yameungua! Shemeji, mdogo wake marehemu, kafika. Kasema dada yake nilimchosha akiwa hai, sasa namchomea na boga. Kakata majani mabovu. Kikombe kimoja cha maziwa, tisa vya maji, kanyunyiza jua likichomoza. Kwisha! Nikamuuliza mbona alinyamaza siku zote. Kasema nilimwambia sifundishwi na mtoto wa juzi. Kweli nilisema. Siku ya harusi yetu alikuwa hana meno ya mbele.
Alipokuwa akinyunyiza alipiga mluzi uleule. Nikaingia ndani kutafuta miwani. Nilikuwa nimeivaa.

Jumatano, 20 Machi
Majani mapya, safi! Na ua moja la njano. Nimewaza: kama maziwa mepesi yameweza haya, je, malai? Malai mazito, na kitunguu saumu kwa wingi! Yapo tayari kwenye ndoo.
Shemeji, mlango wa jiko lako niliutengeneza mimi, na hata ahsante sijaisikia. Nakuomba jambo dogo tu: kesho asubuhi, chelewa kidogo kuja kunyunyiza, nikutangulie.