Meza ya Wazee Kumi na Wawili

Jumatatu, 10 Machi 1958, Thika

Nimejitia matatani. Jana baada ya ibada kule Ruiru, Mzee Githinji, baba yake Nyawira ninayemposa, aliniambia wazee wa pande zote mbili watakutana kwake Jumamosi ya wiki ijayo kuzungumzia mahari. Yeye ni mzee wa kanisa, kwa hiyo hakuna pombe. Watakunywa chai. Ila hana meza ya kutosha watu kumi na wawili.

Mdomo wangu ukasema nitaitengeneza mimi. Sikuutuma.

Mzee akaitazama mikono yangu. Akasema hajawahi kuona karani akiinua kitu kizito kuliko muhuri. Lakini sawa: meza ikisimama vizuri, posa nayo itasimama.

Jumanne, 11 Machi

Nimechagua mbao kwa wapasuaji wa mto Chania. Saiprasi, pana, nyeupe, hazina doa. Nzito ajabu. Zimenilowesha shati nikizibeba. Nikaona ni dalili ya uzima.

Boaz akapita. Ni karani wa stoo hapa kwenye shamba la mkonge, Mmaragoli, anaimba besi kanisani, na Nyawira hucheka kila jamaa huyu anapoongea. Akasema, karani, hizo bado mbichi, zingekaa kivulini miezi kadhaa kwanza.

Miezi! Nimeshamtambua: anamtaka Nyawira.

Alhamisi, 13 Machi

Boaz tena, dirishani. Akaniambia nitazame miisho ya mbao nione duara za mti. Ubao mmoja kiini kiangalie juu, wa pili kiangalie chini, hivyo hivyo mpaka mwisho. Zikitaka kujikunja zitazuiana. Alieleza kwa upole mno. Mtu mwenye nia safi haelezi hivyo.

Tena upande wa kiini una mafundo, na upande wa nje unang'aa kama sahani. Nusu ya meza yangu iwe na ndui mbele ya wakwe? Nikamshukuru, nikafunga dirisha, nikageuza viini vyote chini.

Jumamosi, 15 Machi

Kuunga. Gundi ya ngozi imechemka. Kwa harufu yake, majirani wamehamia kwa ndugu zao. Sina vibano, basi nikazifunga mbao kwa kamba ya mkonge na kuikaza kwa kijiti. Boaz akasema mkonge ukilowa hujikaza wenyewe, niingize meza ndani kabla ya mvua. Nikajua anataka ijae moshi wa jiko. Nikaiacha nje.

Jumapili, 16 Machi

Ilinyesha. Mbao za katikati zimeinuka kama washarika wanaoanza wimbo. Sikwenda kanisani. Nimezikalia mpaka zikashuka, kisha nikapigilia vipande vya sanduku la chai kwa chini. Boaz alisema nitumie miti minene. Vyangu ni vyembamba, vina heshima zaidi.

Jumatano, 19 Machi

Naianika juani, uso juu. Boaz alisema kivulini.

Jumamosi, 22 Machi, Ruiru

Meza ilifika kwa lori ikiwa na bonde kidogo. Nikamwambia Mzee ndiyo mitindo ya sasa.

Wazee wakaketi. Chai ikamiminwa. Baba Muigai, ndugu wa baba yangu, alikuwa anaanza kunisifu wakati vikombe vilipoanza kuteremka, sukari ikitangulia, vikakusanyika katikati kama mkutano usio na kibali. Mzee mmoja wa upande wa bibi arusi akauliza kama ng'ombe nao wamealikwa, maana ameona hori.

Baba Muigai akaegemea ili avirudishe vikombe. Meza ikapasuka kwa mlio wa bunduki. Watu wote waliduwaa, isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa tayari chini ya meza. Chai ilinifikia huko kupitia ufa.

Mzee Githinji akainama, akaniambia nisijali, nitoke tu. Mazungumzo yameahirishwa hadi baada ya Pasaka. Nilete meza nyingine, hata ya kuazima, lakini iwe tambarare. Isipokuwa hivyo, nisirudi.

Nyawira alinipa kitambaa nijifute. Akaniambia ni yeye aliyemwomba Boaz anisaidie, kwa kuwa baba yake Boaz ni seremala, na akauliza ni kwa nini sikumsikiliza.

Jumatatu, 24 Machi, Thika

Sikulala. Nimefikiri sana na sasa naona yote. Boaz ni hatari kuliko nilivyodhani. Amemteka hata Nyawira.

Leo amekuja na mbao za podo zilizokaa stoo tangu mwaka juzi. Kavu kabisa, na bure. Akasema tutaziunga pamoja jioni mbili tu. Uso wake ulionyesha huruma. Hapo ndipo nilipothibitisha ujanja wake: hunieleza kweli tupu, ili nikizoea kumwamini anidanganye mara moja.

Nimemwambia podo hainifai. Nimerudi Chania kuchukua saiprasi, iliyopasuliwa asubuhi hii hii. Kosa la meza ya kwanza nimeshalijua. Ilikuwa ndogo.