Vitabu Vyote Vimo

Jumatatu, 3 Machi
Kiti cha naibu mkuu wa maktaba kiko wazi! Changu hicho. Mkuu amesema rafu zimejaa: kitabu chetu kikiwemo pia kwenye orodha ya tawi lolote, kiuzwe kwa wanunuzi wa karatasi kuukuu. Cha pekee kibaki. Miwani, mpinzani wangu wa meza ya pili, kajitolea kukagua kwa macho, wiki tatu. Nikasema siku tatu, kwa Perl, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Nikawaeleza: orodha za matawi naziingiza kwenye hashi, ambayo ni kama karani mwenye kumbukumbu, ukimtajia kitabu anakujibu papo hapo kimo au hakimo, hapekui kurasa. Miwani akauliza karani huyo anakunywa chai na sukari au bila. Ofisi nzima ikaangua kicheko. Sawa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Jumanne, 4 Machi
Jibu la kwanza: hakuna kitabu chetu hata kimoja kilichomo matawini. Hata kamusi! Jasho likanitoka. Kumbe kila jina linalosomwa kutoka faili huja na alama ya mwisho wa mstari, haionekani, imeng'ang'ania kama kupe. Perl ina amri ya kuing'oa. Nimeing'oa. Mke wangu akalalamika kwamba chakula kimepoa tena. Nikamwambia mke wa naibu hana budi kuzoea. Akauliza naibu gani.

Jumatano, 5 Machi
Leo nimeipamba programu. Sasa inasema pia kitabu kiko tawi gani. Hashi ndani ya hashi: kila kitabu kina droo yake, ndani ya droo mna majina ya matawi. Kwanza inachungulia droo ya kila kitabu chetu, kisha inahesabu vitabu vyenye droo. Jibu: vyote vimo! Vyote! Mkuu alishika kichwa, kisha akaita lori. Miwani akaomba tuhakikishe vichache kwanza. Kijicho hicho.

Alhamisi, 6 Machi
Msiba. Wapakiaji walibeba mpaka kitabu alichoandika Mkuu mwenyewe, nakala pekee iliyosalia. Miwani akauliza kama nacho kiko tawini. Nikamjibu kompyuta haina mjomba wala shangazi. Akapiga simu matawini. Hawajawahi hata kukisikia. Nikafungua programu, nikaisoma mstari kwa mstari. Ukichungulia ndani ya droo isiyokuwepo, Perl inakuchongea droo hiyo kwanza, ili upate pa kuchungulia! Kuuliza kwangu ndiko kulikoviingiza vyote. Lori lilikuwa limeshaondoka. Miwani akalifukuza kwa pikipiki ya mlinzi, akalirudisha. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ijumaa, 7 Machi
Nimerudisha vitabu rafuni peke yangu. Mgongo hoi. Mkuu sasa ananiita Bwana Vimo. Naibu atatangazwa Jumatatu kutoka kwenye orodha ya waliopendekezwa, na kila mdomo unamtaja Miwani. Mimi si wa kukata tamaa! Kosa lilikuwa la vitabu, programu yenyewe ni nzima. Mchana nimeipata orodha ya Mkuu, nikaiingiza kwenye programu ile ile, sikugusa mstari hata mmoja. Nikauliza kama jina langu limo.

Limo! Nimeshampelekea fundi kitambaa cha suti.