Maziwa ya Kopo na Meno ya Yoramu

Jumatatu, 3 Februari 1913

Uchovu. Sista Helene, muuguzi wa misheni, anataka msaidizi wa zahanati. Tunaofaa tuko wawili: mimi na Ruthu. Jumamosi kila mmoja apeleke mtoto anayemlea, Sista aone tunavyojua kazi. Nikikosa, Baba ataniozesha kwa Yotham mwenye ng'ombe baada ya mavuno. Yotham huzungumza na ng'ombe zaidi kuliko na watu.

Namlea Yoramu, mwana wa dada yangu Zipora. Ana mwaka na nusu. Zipora ana mimba, maziwa yamekauka. Ruthu humnywesha mdogo wake maziwa ya ng'ombe kwa kata. Ushamba! Mimi nanunua ya kopo, matamu, dukani kwa Halfani. Yoramu hulala na chupa mdomoni hadi asubuhi. Halii. Nami nasinzia.

Jumanne, 4 Februari

Meno yake manne ya juu yana ukahawia. Nimesugua. Hautoki. Bibi alichungulia, akaguna. Nikasema ni kivuli. Akauliza ni kivuli gani hicho kinachohamia mdomoni.

Jumatano, 5 Februari

Nimechukua zahanati vipande vya karatasi ya buluu. Ikigusa kitu kichachu hugeuka nyekundu. Hila: kuonyesha kwamba kinywa cha mtoto wa Ruthu ndicho kichachu. Nikaenda kwao, nikajifanya kumbembeleza, nikambandika karatasi kwenye meno. Ikabaki buluu. Ruthu akaniuliza, mwenzangu, misheni siku hizi mnalisha watoto karatasi?

Nyumbani nikampima Yoramu, katoka kunyonya chupa. Nyekundu! Karatasi mbovu. Nikachovya nyingine majini: buluu. Kwenye ndimu: nyekundu. Kumbe si mbovu. Inaudhi.

Ijumaa, 7 Februari

Chaki! Nimesaga ya darasani, nikampaka. Meno meupe pe, na karatasi haikugeuka. Kilichobaki ni asicheke tu.

Jumamosi, 8 Februari

Alicheka. Sista alipiga chafya, Yoramu akacheka mpaka chaki ikamtiririka kidevuni. Ukahawia wote nje. Sista akauliza mtoto analala na nini. Nikasema, kwa fahari, chupa ya maziwa ya kopo. Akaeleza kwa upole ulioniuma: utamu ukikaa usiku kucha kwenye utando wa meno huchachuka, na uchachu huo hula jino. Usiku apewe maji matupu.

Kazi kapewa Ruthu.

Bibi alikuwa mlangoni. Akasema misheni iliwakataza kung'oa watoto meno mawili ya chini, desturi ya babu zetu, eti ni ushenzi. Sasa mjukuu wake msomi anamaliza manne ya juu, na hakuna anayemkataza. Ruthu alicheka hadi akakaa chini.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya ibada Yotham alikuja. Amezungumza na Baba mchana kutwa. Mimi alinisalimu mara moja, akaniuliza kama najua kukamua.

Usiku wa jana nilimpa Yoramu maji. Akanitemea usoni, akalia hadi majogoo. Sina nguvu hata ya kukasirika. Lakini nimetafakari sana. Sista alilaumu maziwa ya kopo. Asali hakuitaja. Asali hutoka porini, haijaguswa na kiwanda. Leo nimejaza chupa maji ya asali, mazito kidogo. Amenyamaza papo hapo.

Kesho nitamweleza Sista ugunduzi huu. Ruthu ajiandae kurudisha aproni ya zahanati.