Mwarobaini Bila Lakini

Mtaalamu wa redioni alisema majani ya mwarobaini yana dawa nyingi, lakini... Hapo hapo betri ya redio ya Soli ikaisha.

"Lakini nini?" akauliza Wembe, kinyozi wa kibanda cha jirani.

"Lakini uwahi kuchuma kabla hujazidiwa ujanja!" akadakia Daktari wa Geti, akiwa keshaning'inia kwenye tawi.

Soli, fundi viatu, akaacha sindano. Mwarobaini wenyewe ndio huo mmoja, na meza yake ilikuwa chini ya mti huo mwaka wa kumi na mbili huu.

"Jamani, hiyo si dawa, ni paa langu!"

"Acha roho mbaya, fundi. Watu wanaumwa! Mimi nimekaa hospitali miaka ishirini."

"Ulikaa getini!" Wembe akacheka. "Ulikuwa unapekua mabegi!"

"Na magonjwa yote yalipita mbele yangu. Huu unatibu arobaini, yahesabu."

"Mimi ninayo mawili tu."

"Thelathini na nane yako njiani. Chuma!"

Basi wakachuma. Kesho yake wakaja wake zao na mafurushi, keshokutwa mashemeji na ngazi. Dada Kahawa, aliyekuwa akiwauzia vikombe vya kahawa, akaleta ushuhuda.

"Mume wangu nimempa bilauri nzima, dawa ya uvivu."

"Kapona?"

"Usiku kucha alikuwa mbio, chooni na kurudi. Sijawahi kumwona na bidii vile."

"Umeona!" Daktari wa Geti akapiga paja. "Mwongezee!"

Kufika Jumamosi mti ulibaki fito tupu. Jua likamwagika mezani, gundi ikawa inakauka kabla soli haijagusa kiatu. Akaja mama mmoja mwenye kiatu cha kisigino kirefu, mteja wa miaka mingi. Akalitazama benchi la wateja linavyochemka, akaomba radhi, akavuka barabara kwa fundi mwenye turubai. Soli alimsindikiza kwa macho mpaka akaketi kule. Iliuma, tena iliuma vibaya, na safari hii hakuna aliyemtania.

Daktari wa Geti alikuwa amejifunika gazeti kichwani, jasho likimtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Kichwa kinanigonga, ndugu yangu. Jua gani hili? Hakuna dawa hapa?"

"Ilikuwepo," Soli akasema, akionyesha juu kwa nyundo. "Uliinywa Jumanne."

Akafungasha nyuzi, akatia misumari mfukoni, akajitwika meza kichwani.

"Sasa unakwenda wapi?"

"Barazani kwako. Kivuli changu kimo tumboni mwako, siwezi kukaa nacho mbali. Mwambie shemeji aniachie nafasi ya meza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mti uchipue."

Wembe akabeba kiti chake cha kunyolea, Dada Kahawa akanyanyua birika, wakamfuata. Daktari wa Geti akawapita mbio, awahi kufunga geti.